Sura bila jina ni nusu ya urithi

Mtu anapofariki dunia katika mtaa wowote wa Katandala, mjini Sumbawanga, moja ya shughuli za mwanzo zinazowakabili wafiwa ni kuitafuta picha ya marehemu. Picha hiyo inatakiwa itangulie mbele ya jeneza, iwekwe mezani wakati wa ibada, na baada ya matanga itundikwe ukutani sebuleni. Masanduku yanafunguliwa, mikoba inapekuliwa, simu za vijana zinakaguliwa. Mara nyingi kinachopatikana ni kipicha cha pasipoti kilichobanduliwa katika fomu ya zamani, au sura iliyomo katika kitambulisho cha mpiga kura. Kipicha hicho hukimbizwa kwa mpiga picha, naye hukikuza mpaka kijae fremu. Mwalimu aliyefundisha watoto kwa miaka thelathini na zaidi hubaki ukutani akiwa na uso wa ukungu na madoadoa, macho yamemtoka, kama mtu aliyeitwa ghafla kujibu mashtaka.

Jambo hili limezoeleka hata halizungumzwi. Hata hivyo linafaa lizungumzwe, na hasa na walimu na watumishi wa serikali, kwani wao ndio watu ambao kazi yao ya kila siku ni kuandika, kutunza na kukabidhi kumbukumbu za wengine. Ni ajabu iliyoje kwamba watu hao hao huondoka duniani bila kuacha kumbukumbu nzuri ya sura zao wenyewe.

Kipicha cha pasipoti hakina ubaya wowote. Kina kazi yake, na kazi hiyo ni ya lazima. Kilipigwa kwa ajili ya karani, ili aweze kulinganisha uso wa mtu na jina lililoandikwa katika karatasi. Hakikupigwa kwa ajili ya mjukuu. Mjukuu anataka kujua mambo mengine: babu alikaaje kitini, mikono yake ilikuwaje, siku aliyoiheshimu alivaa nguo gani, alimtazamaje mtu aliyekuwa mbele yake. Picha inayoyajibu maswali hayo hupigwa kwa makusudi na mtu aliyejifunza kazi hiyo, huku anayepigwa akijua kwamba anaacha kitu nyuma yake. Picha ya namna hiyo ni urithi kama lilivyo shamba, au nyumba ya matofali ya kuchoma. Lakini kama lilivyo shamba, nayo inahitaji hati. Isipoandikwa jina, tarehe na mahali, baada ya miaka hamsini haina mwenyewe.

KIZAZI KINACHOONDOKA

Mkoa wa Rukwa ulianzishwa mwaka 1974 kutokana na sehemu za mikoa ya Mbeya na Tabora. Mwezi Novemba mwaka huo huo, Azimio la Musoma liliagiza kwamba elimu ya msingi iwafikie watoto wote ifikapo mwaka 1977. Mwezi Agosti 1975 ulifanyika upimaji wa kitaifa wa kisomo cha watu wazima. Mambo hayo matatu yaliufikia uwanda wa juu wa Ufipa kwa pamoja, na yalihitaji watu wa kuyabeba.

Waliobeba mzigo huo walikuwa makarani waliofungua majalada ya kwanza ya mkoa mpya, mabwana shamba waliozunguka kwa baiskeli, wauguzi wa zahanati, na walimu wengi vijana, wakiwamo wale waliomaliza darasa la saba wakajifunza ualimu huku wakifundisha. Wengine walifundisha watoto asubuhi na wazazi wa watoto hao hao jioni. Kijana aliyekuwa na umri wa miaka 20 mwaka 1977 alitimiza miaka 60, ambayo ni umri wa kustaafu kwa lazima, mwaka 2017. Waliokuwa wakubwa zake wengi wamekwisha tangulia, na waliobaki wanahesabika.

Sasa swali la kujiuliza ni hili: sura za watu hao ziko wapi? Zipo katika majalada ya utumishi, zikiwa na ukubwa wa kidole gumba, zimebanwa kwa pini iliyoota kutu. Nje ya hapo, upatikanaji wake ni wa kubahatisha. Shule nyingi zina ubao ofisini kwa mwalimu mkuu, ulioandikwa majina ya waliopata kuiongoza shule na miaka yao. Hayo ni majina yasiyo na sura. Hali kadhalika, nyumba nyingi zina albamu au bahasha ya picha za harusi, ubatizo na mahafali, na nusu ya watu waliomo hakuna tena anayewatambua. Hizo ni sura zisizo na majina. Kila upande umeshika nusu ya urithi, na nusu mbili hizo zinazidi kuachana kila anapozikwa mtu aliyekuwa anajua kuziunganisha.

WALIOPIGWA BILA KUULIZWA

Wafipa wanao mfano wa karibu wa hasara inayotokana na hali hiyo. Ufundi wa kupiga picha ulitangazwa rasmi mjini Paris mwaka 1839, na katika pwani ya Afrika Mashariki ulikuwa umekwisha ota mizizi kabla ya mwisho wa karne ile. Huku bara, kamera iliingia mikononi mwa maofisa wa kikoloni, wamisionari na wasafiri. Wao ndio waliochagua nani apigwe, asimame wapi na avae nini, na wao ndio waliozichukua picha wakaenda nazo.

Maktaba ya Chuo Kikuu cha Frankfurt nchini Ujerumani inahifadhi mkusanyiko wa picha uliokuwa mali ya Chama cha Kikoloni cha Kijerumani. Mkusanyiko huo una picha zipatazo 55,000, zikiwamo za Afrika Mashariki. Hifadhi ya nyaraka ya taifa ya nchi hiyo inazo pia picha za Walther Dobbertin, aliyefanya kazi ya kupiga picha katika koloni hilo mpaka wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Picha za mikusanyiko ya namna hiyo ni nzuri kwa ufundi, na mtafiti yeyote atashukuru kwamba zimehifadhiwa. Lakini asome maelezo yaliyoandikwa chini yake. Mara kwa mara ataona neno askari, au mpagazi, au mwanamke wa kabila fulani. Mzungu akiwamo katika picha, yeye huwa na jina na cheo. Mwafrika aliyesimama kando yake amekuwa mfano wa aina ya watu, kama mmea uliokaushwa na kubandikwa katika daftari la mtaalamu wa miti.

Wafua chuma wa Ufipa nao walifikiwa na waandishi wa aina hiyo. Mafundi wale walijenga tanuru za udongo ndefu kuliko kimo cha mtu, zilizovuta hewa zenyewe bila kuvukutwa, nao wakayeyusha humo mawe yenye chuma na kupata majembe yaliyolima nchi. Padre Wyckaert wa Shirika la Wamisionari wa Afrika alichapisha habari zao mwaka 1914, na R. C. H. Greig akaandika juu ya kazi hiyo mwaka 1937. Maandishi ya namna hiyo ni hazina, lakini hueleza zaidi habari za tanuru kuliko habari za mtu aliyelijenga. Mtoto wa shule wa leo anaweza kuelezwa urefu wa tanuru. Akiuliza fundi wake aliitwa nani, na ni babu wa nani katika kijiji gani, mwalimu wake atakuwa na kazi ngumu kumjibu.

Upo mfano mwingine wa kutoka upande huo huo wa nchi, unaoonyesha jinsi mambo yanavyoweza kuwa tofauti. Adrien Atiman alizaliwa Afrika Magharibi, katika nchi ambayo leo ni Mali, akatekwa na kuuzwa utumwani akiwa mtoto. Alikombolewa na wamisionari, akasomeshwa utabibu katika kisiwa cha Malta, na mwaka 1889 alifika Karema, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika. Hapo alitibu watu mpaka alipofariki dunia mwaka 1956, muda wa miaka 67. Habari za maisha yake alizieleza mwenyewe zikachapwa. Picha zake za uzeeni zimesalia, naye anatazamika humo kama mtu mzima mwenye heshima zake. Jina lake limepewa hospitali mjini Sumbawanga. Kwa hiyo mgonjwa anayeingia katika hospitali hiyo akitaka kumjua mwenye jina lile, anaweza kuonyeshwa uso wake na kusimuliwa kazi yake.

Tofauti kati ya Atiman na wafua chuma haikutokana na uzito wa kazi zao. Wote waliihudumia nchi. Tofauti imetokana na ukweli kwamba kwa mmoja, sura, jina na habari vilihifadhiwa mahali pamoja, na kwa wengine havikuhifadhiwa hivyo.

MWANANCHI ALIPOKAA KITINI MWENYEWE

Studio ya picha ndiyo iliyobadili mambo. Mjini Unguja, A. C. Gomes, mtu wa asili ya Goa, alikuwa miongoni mwa waliotangulia kuendesha studio katika karne ya kumi na tisa. Mwaka 1930, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio katika mji huo huo, na mwanawe Rohit akaja kuiendeleza. Huko Lamu, Omar Said Bakor, aliyefariki mwaka 1993, aliendesha Bakor Studio na kusifika kwa ubunifu wake wa kuunganisha picha mbalimbali katika picha moja. Wateja wa studio kama hizo walikuwa wakubwa wa serikali na matajiri, lakini pia walikuwa makarani, mabaharia, washonaji na maharusi.

Katika studio, anayepigwa ndiye mwenye shughuli. Yeye ndiye aliyetoka nyumbani kwa hiari yake, amevaa kanzu au suti aliyoichagua, ameshika kitabu, saa au mkono wa mwenzake kwa sababu anazozijua. Analipa, na picha inakuwa yake. Kitendo hicho kinaonekana kidogo, lakini kwa mtu ambaye baba yake alipigwa picha akiwa mpagazi asiye na jina, kilikuwa ni kutamka mbele ya dunia: nitazameni kama nilivyo. Ndiyo maana katika picha nyingi za studio za miaka ile watu hawacheki. Walijua kwamba wanasema na watu ambao hawajazaliwa.

Hata hivyo, studio peke yake haitoshi, na mfano wa Bamako nchini Mali unalithibitisha jambo hilo. Seydou Keïta alifungua studio yake mjini humo mwaka 1948, akapiga picha za wananchi wake kwa maelfu. Negativu zake, yaani mikanda ambayo picha husafishwa kutokana nayo, alizitunza vizuri. Mwaka 1991 baadhi ya picha zake zilionyeshwa mjini New York, lakini hazikuwa na jina la mpigaji. Zilielezwa kuwa ni kazi ya mtu asiyejulikana. Baadaye mwenyewe alitafutwa, akapatikana yu hai, na sifa zake zikaenea duniani kabla hajafariki mwaka 2001. Jina la fundi liliokolewa. Lakini wengi wa watu waliokaa mbele ya kamera yake wanaendelea kutazamwa katika majumba ya makumbusho ya ng'ambo bila kutajwa majina. Wametoka katika hali ya kutofahamika wakaingia katika hali ya kusifiwa uzuri wa nguo zao, nayo si hatua kubwa sana.

Linganisha na picha ya waasisi wa TANU waliokutana Dar es Salaam Julai 7, 1954. Waasisi wale walikuwa 17, na majina yao yamechapwa mara nyingi katika vitabu na magazeti. Kwa sababu hiyo, mtu mwenye picha ile anaweza kuweka kidole juu ya uso mmoja mmoja na kuuliza: huyu nani, alitoka wapi, alifanya nini? Picha hiyo imekuwa chanzo cha historia, na hata cha mabishano ya wanahistoria. Picha isiyo na majina haiwezi hata kubishaniwa.

KAZI YA FUNDI

Wako watakaosema kwamba tatizo hili limekwisha, kwa kuwa leo kila mtu ana simu yenye kamera, na kwamba katika harusi moja ya Katandala zinapigwa picha nyingi kuliko zilizopigwa zamani mjini mzima kwa mwezi. Ni kweli kwamba picha ni nyingi. Lakini wingi na uhifadhi ni vitu viwili tofauti. Picha za simu hukaa ndani ya simu, na simu huibwa, huanguka katika maji, huharibika, au hufungwa kwa namba ya siri ambayo mwenyewe amekwenda nayo kaburini. Zikitumwa kwa WhatsApp katika hali ya kawaida, hupunguzwa ukubwa, hivyo kwamba siku inapohitajika picha ya kutundika, ile iliyopo haikuziki. Zaidi ya hayo, katika picha elfu mbili za simu ya kijana, babu yake anaonekana pembeni tu, amekatwa bega, akiangalia kwingine.

Mpiga picha mwenye ujuzi hufanya mambo ambayo simu haiyafanyi yenyewe. Anajua kwamba jua la saa sita mchana katika uwanda wa Ufipa huchimba mashimo ya kivuli chini ya nyusi, kwa hiyo humweka mzee barazani, au karibu na dirisha, mwanga umjie kwa ubavu. Anashusha kamera ilingane na macho ya anayepigwa, ili asionekane kama mtoto anayetazamwa kutoka juu. Anaitafutia mikono mahali pa kutulia, kwani mikono ya mkulima au ya mwalimu inasema mengi kama uso. Anaondoa ndoo na kandambili zilizo nyuma ya kiti. Na lililo kubwa kuliko yote, anazungumza na mtu wake mpaka woga umtoke, ndipo anapopiga. Hiyo ni kazi ya kujifunza, kama ilivyo kazi ya kushona suti au kufundisha hesabu, na anayeifanya vizuri anastahili ujira wake na heshima yake.

Serikali yenyewe inalijua jambo hilo. Picha rasmi ya Rais inayotundikwa katika ofisi za umma hutayarishwa kwa uangalifu, na ofisi hutakiwa kutumia hiyo hiyo iliyotolewa rasmi. Hakuna anayependekeza kwamba ipigwe kwa simu na mtu anayepita njia. Ikiwa umuhimu wa picha njema unaeleweka kwa mkuu wa nchi, hapana sababu usieleweke kwa muuguzi aliyezalisha nusu ya watoto wa kata.

HOJA ZA WANAOSITA

Hoja ya kwanza ya wanaosita ni kwamba kujipigisha picha kwa namna hiyo ni kujikweza. Hoja hii inatolewa na watu waungwana, na hustahili kujibiwa kwa heshima. Kujikweza ni kutaka kutazamwa leo na majirani. Anayeacha picha kwa ajili ya wajukuu hatapata faida yoyote kutokana nayo, kwa sababu wakati itakapofanya kazi yake yeye hatakuwapo. Isitoshe, mzee anayekataa kupigwa picha hazuii picha yake kutundikwa. Anachozuia ni kutundikwa ile aliyoichagua mwenyewe.

Hoja ya pili ni ya faragha na ya dini. Katika miji ya pwani, zipo familia nyingi ambazo tangu zamani hazikubali picha za wanawake wao kuonyeshwa hovyo, na wapo pia watu wanaoona kwamba kuchora au kupiga sura ya kiumbe hakufai. Msimamo huo uheshimiwe. Kuacha urithi si kutangaza. Picha inaweza kuwamo katika albamu iliyofungwa, ikaonyeshwa kwa watu wa nyumba tu. Nchi nayo imetunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, ambayo imejengwa juu ya wazo kwamba habari za mtu zina mwenyewe. Kwa hiyo shule, ofisi au studio isitumie sura ya mtu kupamba matangazo yake bila ridhaa yake. Waliopigwa bila kuulizwa enzi za ukoloni wasipate wenzao katika zama hizi.

Hoja ya tatu ni gharama. Ni kweli kwamba mishahara ya walimu haina ziada. Lakini picha moja njema haihitajiki kila mwaka. Inatosha kupigwa mara chache katika maisha ya mtu: anapoanza kazi, anapooa au kuolewa, anapofikia utu uzima, na anapostaafu. Katika sherehe za kuagana na mstaafu watu huchanga wakanunua vitenge, redio, au mabati. Vitu hivyo ni vizuri, lakini kitenge huchakaa na redio huharibika. Sehemu ndogo ya mchango huo ingetosha kumlipa mpiga picha ampige mstaafu vizuri, na kusafisha nakala mbili: moja ya nyumbani kwake na moja ya shule au ofisi aliyoitumikia.

YANAYOWEZEKANA KUFANYWA

Jambo la kwanza linalowezekana ni kuziunganisha nusu zile mbili zilizotengana. Kila shule yenye ubao wa majina ya walimu wakuu inaweza kuanza kutafuta sura za wenye majina hayo. Kazi hii inawafaa wanafunzi wa historia, wakisimamiwa na mwalimu wao. Waende kwa familia, waombe kuazima picha, zinakiliwe na kurudishwa siku hiyo hiyo. Wakiwa huko, wawaulize wazee majina ya watu walio katika picha nyingine za familia. Mwanafunzi atakayefanya hivyo atakuwa amejifunza namna historia inavyoandikwa, kuliko kama angekariri kurasa kumi.

Jambo la pili ni kuandika. Nyuma ya kila picha yaandikwe majina kamili ya waliomo, kuanzia kushoto kwenda kulia, mahali, tarehe, tukio, na jina la mpiga picha. Itumike penseli laini, kwani wino wa kalamu huweza kupenya na kuharibu upande wa mbele. Mtu asiridhike na kuandika Baba au Mama Mkubwa, kwa kuwa mama mkubwa wa mmoja ni nyanya wa mwingine, na baada ya vizazi viwili maneno hayo hayamtambulishi mtu yeyote. Picha zilizo katika simu au kompyuta nazo zipewe majina, zinakiliwe mahali pawili tofauti, na zilizo muhimu zisafishwe kwenye karatasi.

Jambo la tatu ni utunzaji. Picha za zamani za rangi nyeusi na nyeupe, zilizosafishwa vizuri, hudumu muda mrefu. Nyingi za rangi, zilizopigwa miaka ya 1970 na 1980, zimekwisha anza kufifia na kugeuka wekundu, na haziwezi kungojea zaidi. Hizo ndizo za kunakiliwa kwanza. Picha isitundikwe mahali panapopigwa na jua moja kwa moja, wala isiegemezwe katika ukuta unaotota wakati wa masika. Albamu isiwekwe sakafuni, mahali ambapo mchwa na panya watatangulia kuisoma.

Jambo la nne linawahusu wapiga picha wenyewe na halmashauri. Katika kila mji wa nchi hii wako wapiga picha wa zamani, au warithi wao, wenye masanduku ya negativu za miaka mingi. Ndani ya masanduku hayo mna sura za watu ambao hawana picha nyingine popote duniani. Fundi akifariki, watoto wake wasiojua thamani yake huyachoma moto ili wapate nafasi. Sheria ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002 ilitungwa kwa ajili ya kumbukumbu za umma, na masanduku haya ni mali ya watu binafsi. Lakini hakuna sheria inayomkataza ofisa utamaduni wa halmashauri, au mkutubi, kumtembelea fundi angali hai, akakaa naye na daftari, akamwuliza picha moja moja ni ya nani na ya mwaka gani. Fundi aliyepiga picha za mji kwa miaka thelathini hukumbuka mengi, na kumbukumbu hiyo haimo katika jalada lolote.

Kazi ya namna hii haihitaji waraka kutoka juu wala fungu maalumu. Inahitaji mtu wa kuianzisha, na katika kila mtaa mtu huyo yupo: ni yule anayejua kuandika, anayeaminiwa na wazee, na anayezoea kutunza vitu vya watu. Kwa kawaida huwa mwalimu au karani. Aanze na nyumba yake mwenyewe. Likizo ijayo, kabla mvua za Novemba hazijaanza kunyesha Ufipa, awachukue wazazi wake, wavae nguo wanazozipenda, awapeleke kwa mpiga picha mwenye kujua kazi yake. Picha ikishasafishwa, aigeuze na kuandika nyuma majina yao yote kamili, huku wao wenyewe wakiwapo kumsahihisha.